Mkono wa Nani Huu?

Ndugu walimu na wanafunzi wa Kiswahili, liko swali moja lililonikaa rohoni tangu mwaka 2023, nami nalileta hapa kwa kuwa naamini si langu peke yangu. Mtu akichora mstari kwa brashi ya kompyuta, na brashi ile ikaunenepesha mstari hapa na kuukondesha pale, ikautia makwaruzo ya makaa au ukavu wa wino unaokwisha, hali mchoraji mwenyewe hana makaa wala wino, je, mstari ule ni wake? Na kama si wake, tuseme ameiba? Na kama hakuiba, mbona sisi tuliotazama tuliona kwamba tumedanganywa?

Mimi si mchoraji. Ni mwalimu wa lugha mwenye stashahada ya ualimu, na kwa karibu miaka ishirini chaki ndiyo kalamu yangu. Lakini tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwezi Novemba 2021, na tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha, mwezi Julai 2022, Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, walimu wa Kiswahili tumejikuta tukifanya kazi nyingi ambazo vyuoni hatukuzisomea. Tunaandaa mabango, kadi za msamiati na vijitabu vya hadithi. Na kijitabu kisicho na picha, mtoto hakifungui mara ya pili. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mambo ya brashi.

Mwaka huo wa 2023 shule yetu ilifanya mashindano ya bango. Mada ilikuwa soko. Binti mmoja wa kidato cha tatu alileta picha ya mama muuza ndizi aliyeketi chini ya mwembe, akihesabu chenji katika kiganja cha mtoto. Ilikuwa picha nzuri. Waama, ilikuwa nzuri mno, na uzuri huo ndio uliomponza. Mwenzangu mwalimu wa sanaa, mtu ninayemheshimu, aliisogeza karibu na dirisha, akasema: "Mwalimu, huu si mkono wa mtoto huyu. Tazama mstari wa bega unavyoanza mwembamba, ukanenepa, ukamalizikia kama unywele. Mstari wa namna hii hutoka katika kalamu inayohisi uzito wa mkono. Na chumba chetu cha kompyuta hakina kalamu hiyo; kina vipanya tu." Hoja ilinikaa. Tulimwita, tukamwambia kwamba picha imetolewa mahali, na zawadi ya kwanza tukampa mwingine. Hakubisha. Alipiga goti kama desturi ya kwao, akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda zake.

Sasa sharti nieleze kidogo jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi, maana bila hayo hukumu yetu haiwezi kupimwa. Michoro ya kompyuta ni ya namna mbili. Ya kwanza huitwa rasta. Picha ya rasta ni kama mkeka uliofumwa kwa vipande vidogo vya mraba, kila kipande kina rangi yake moja. Vipande hivyo ndivyo pikseli. Ya pili huitwa vekta. Hapo kompyuta haihifadhi mkeka, inahifadhi kanuni: anza hapa, pinda hivi, fika pale. Mfano wake ni fundi cherehani anayetunza vipimo badala ya kutunza nguo. Ukimrudia, atakukatia gauni lile lile kwa mtoto au kwa mama yake, nalo halitapwaya wala kubana.

Kanuni zile za kupinda mstari hazikubuniwa kwa ajili ya wachoraji. Zilibuniwa Ufaransa kwa ajili ya mabodi ya magari. Paul de Casteljau alizitafuta katika kiwanda cha Citroën mwaka 1959, na waajiri wake wakazifanya siri; Pierre Bézier wa kiwanda cha Renault akazifikia kwa njia yake katika miaka ya 1960, akazitangaza, na mistari ile ikaitwa kwa jina lake. Nalitaja jambo hili si kwa kupamba makala. Linaonyesha kwamba swali la nani mwenye mstari ni la zamani kuliko bango letu.

Mtumiaji wa brashi ya rasta, hata kama hajui, anapiga muhuri. Programu ina kijipicha cha ncha ya brashi, na kila unaposogeza mkono hukigonga karatasini, kisha hukigonga tena mbele kidogo, kisha tena. Mihuri ikikaribiana, jicho huona mstari mmoja. Ikiachana, huona shanga. Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kutazama unapochagua brashi si jina lake wala sura yake, bali nafasi iliyopo kati ya muhuri na muhuri, na kama ncha inageuka kidogo kila inapogongwa. Isipogeuka, makwaruzo yatajirudia kwa mpangilio, na makaa yako yataonekana kama kitenge. Brashi ya vekta ni jambo lingine kabisa. Unachora kwanza njia, yaani mstari mtupu usio na unene, kisha unauvika brashi kama mtu anavyovaa kanzu. Kesho ukitaka kubadili kanzu, njia iko pale pale. Rasta ni alama ya tendo lililokwisha kutendwa. Vekta ni uamuzi unaoweza kuangaliwa upya.

Kwa kazi za shule tofauti hii si ya kifalsafa tu. Picha ya rasta ya ukubwa wa A4 iliyochorwa kwa pikseli 150 kwa kila inchi ina pikseli 1240 kwa 1754. Ipeleke kwa mchapaji aikuze iwe bango la A1, nayo itabakiwa na pikseli 53 hivi kwa kila inchi. Ngazi za mraba zitaonekana shavuni mwa mama muuza ndizi kama tetekuwanga. Vekta haina dhara hilo. Na kijitabu kitakachorudufiwa kwa mashine ya fotokopi kisichorwe kwa brashi laini za kijivujivu, kwani fotokopi huzigeuza madoa. Brashi ya mstari mkavu, mweusi, wenye mwisho unaojulikana, ndiyo rafiki wa mwalimu maskini. Kwa rasta nimetumia Krita, na kwa vekta Inkscape. Zote mbili hutolewa bure. Nilifurahi kuambiwa kwamba neno "krita" katika Kiswidi ni chaki au kalamu ya rangi. Nilijiona kwamba sijatoka mbali sana na ubao wangu.

Nirudi kwenye swali. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Marekani, Steven Strassmann, alitoa makala maarufu kuhusu programu iliyoitazama brashi kuwa mkusanyiko wa nywele, kila unywele ukiwa na kiasi chake cha wino. Wino ulipopungua katika unywele mmoja, mstari uliacha ufa mweupe, kama brashi halisi inavyofanya mwisho wa mkoko wake. Fikirini ajabu hiyo. Kompyuta haiishiwi wino. Ingeweza kuvuta mstari mweusi mpaka mwisho wa dunia. Binadamu akaifunza kuishiwa. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba tunaupenda uzee, kama wale wanaonunua suruali mpya zilizokwisha kupauka. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Mstari uliochorwa kwa mkono ni ushahidi. Ukinenepa, unashuhudia kwamba hapa mtu aligandamiza. Ukikatika, unashuhudia kwamba hapa aliharakisha au wino ulimwishia. Tunapotazama mchoro tunasoma ushahidi huo bila kujua kwamba tunausoma, kama tunavyosoma uchovu katika sauti ya mtu kabla ya kusikia maneno yake. Basi brashi inayoandika unene ambao mkono haukuutia, inatoa ushahidi wa jambo lisilotokea. Mahakamani tungeita hivyo nini?

Kwa hoja hiyo nilijiridhisha, hata nikaiona kuwa kanuni. Nilisema moyoni: mwenye kalamu inayohisi mgandamizo, brashi yake inasema kweli, kwa maana unene unatoka mkononi mwake hasa, ingawa wino ni wa kuigiza. Mwenye kipanya, ambaye programu inambunia mgandamizo usiokuwapo, brashi yake inasema uongo. Kanuni ilikuwa safi, na ilimhukumu yule binti barabara.

Lakini kanuni ikiwa safi hivyo, yafaa mtu aulize imemwangukia nani. Kalamu ya kuchorea na kibao chake hununuliwa kwa fedha. Mtoto wa tajiri anayo nyumbani. Kipanya ni cha mtoto anayengoja zamu yake katika chumba chenye kompyuta chache na umeme wa kukatika. Kumbe kanuni yangu ya ukweli ilikuwa inawagawa wanafunzi kwa mifuko ya wazazi wao, ikawapa wengine jina la wasanii na wengine jina la waongo. Jambo hili liliniudhi, na kwa kuwa sikuweza kulijibu, Jumamosi moja nilimwomba binti yule anifungulie faili lake.

Katika Inkscape iko namna ya kutazama mchoro ukiwa umevuliwa rangi na unene wote, ikabaki mifupa yake tu. Alibonyeza, na picha ile nzuri ikawa nyuzi nyembamba. Mwembe ulionekana mara moja: jani lilikuwa moja, limenyunyizwa mara mamia, likigeuzwa huku na huku. Jani lenyewe hakulichora; lilitoka katika mkusanyiko wa bure wa Intaneti. Nikaanza kuona kwamba tulikuwa na haki. Kisha akasogeza hadi kwenye mikono ya mama. Hapo nyuzi zilijaa vituo vidogo vidogo, kila kifundo cha kidole kina vyake, na pembeni mwa karatasi, nje ya mpaka wa bango, kulikuwa na mikono mingine iliyoachwa. Niliihesabu: jozi kumi na nne. Katika ya kwanza vidole vilikuwa kama maboga. Katika ya tisa kidole gumba kilikuwa upande usio wake. Ile ya kumi na nne ndiyo iliyoingia katika picha. Na ule mstari wa bega uliomshuku mwenzangu, unene wake ulikuwa umewekwa kwa kipanya, kituo kwa kituo, na mtu aliyekuwa akitazama na kurudi nyuma na kutazama tena.

"Mwalimu," akasema, "majani sikuyachora. Mikono niliichora."

Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile. Akajibu kwamba tulimwuliza picha imetoka wapi, hatukumwuliza ni sehemu gani. Mtu mzima angeweza kusema hivyo kwa jeuri. Yeye alisema kama mtu anayesahihisha hesabu.

Tangu hapo ule mfano wa ushahidi sijautupa, ila nimeurekebisha. Katika rasta mstari hushuhudia mkono, na katika vekta hushuhudia uamuzi. Asiyekuwa na kalamu hawezi kutoa ushahidi wa kwanza, lakini wa pili anaweza, tena pengine kwa jasho zaidi, maana anayegandamiza kalamu hupata unene kwa pumzi moja, na anayeutafuta kwa kipanya lazima ajue kila mahali anataka nini. Kosa letu lilikuwa kutafuta mkono mahali ambapo palikuwa na jicho. Wala sisemi kwamba kila anayechagua anachagua kweli. Iko brashi iliyokwisha kuamua kila kitu: ukiivuta mara moja inamwaga msitu, mawingu au umati wa watu. Aitumiaye hajachagua ila mahali pa kuiweka. Iko pia ile kanuni ya kutuliza mkono, ambayo programu hunyoosha mtetemo wa mchoraji. Ikizidishwa, wachoraji kumi hutoa mstari mmoja. Kwa kuchagua brashi mimi hushauri hivi: ijaribu kwa kuandika jina lako mara tatu, upesi, polepole, na kwa hasira. Majina matatu yakitoka sawasawa, brashi hiyo inajichorea yenyewe.

Hapa nafika mahali ambapo ningependa kunyamaza, lakini makala ya maadili isiyomgusa mwandishi wake ni porojo. Wiki ile ile tuliyomnyima binti zawadi, nilisahihisha insha za darasa lake. Mnazijua insha zetu. Jogoo wanashindana kuwika, umande unametameta kama lulu, jua linachungulia kwa haya, na mwandishi anaamka buheri wa afya, hata kama habari yenyewe ni ya ajali ya basi saa tisa alasiri. Mapambo hayo hayatoki kwa mtoto. Tunayaandika ubaoni sisi, wanayanakili, wanayakariri, na mwenye kuyamwaga kwa wingi tunampa alama ya juu na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Lugha tamu!" Hizo ni nini kama si brashi za majani? Jani moja la mtu mwingine, limenyunyizwa mara mamia. Katika insha ya binti yule yule nilikuwa nimempa alama 17 juu ya 20 kwa majani, na katika bango nikamnyang'anya zawadi kwa majani.

Mtu atasema lugha yote ni ya kuazima. Ni kweli. Hakuna kati yetu aliyebuni neno "maji". Methali ni mihuri, nahau ni mihuri, na mtu asiyetumia hata moja hatumwiti mkweli, twamwita mgeni wa lugha. Sanaa nayo haina aibu na uigaji. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao nyembamba, akafariki mwaka 1972; miaka minne tu. Waliomfuata, ndugu zake na wanafunzi wao, wamechora chui wake na ndege wake kwa zaidi ya miaka hamsini, na sidhani kama kuna anayewaita wezi. Jina lake wamelitaja daima, na hilo ndilo naloliona kuwa na uzito. Hata katika brashi za bure iko desturi hiyo. Wengine hutoa kazi yao bila sharti lolote. Wengine hutaka watajwe tu. Wengine huruhusu picha iuzwe, ila brashi yenyewe isiuzwe. Kwa hiyo kabla ya kupakua, soma maneno yaliyoandikwa chini. Walimu tunawahimiza wanafunzi wasome maagizo ya mtihani, na sisi wenyewe tunabonyeza "kubali" bila kutazama.

Mwenzangu wa sanaa nilimwonyesha lile faili. Alizitazama jozi kumi na nne za mikono kwa muda mrefu, akasema ni kazi halali na kwamba tulimkosea. Tulimwambia binti hivyo mbele ya darasa, kwa kuwa mbele ya darasa ndipo tulipomwaibisha. Zawadi haikuweza kurudi. Aliyepewa hakuwa na hatia. Bango lake tulilichapa mwaka uliofuata, 2024, na kwa ombi lake tuliandika chini, kwa herufi ndogo, jina la kubuni ambalo mtengenezaji wa jani amejipa katika Intaneti. Mkuu wa shule aliuliza hilo ni jina la nani. Ikabidi tueleze tena tangu mwanzo.

Hata hivyo mimi na mwenzangu hatujapatana juu ya mashindano yajayo. Yeye ataka kila mshiriki achore mbele yetu kwa penseli kwa saa mbili, ndipo aende kwenye kompyuta, ili tuujue mkono wake. Mimi nataka walete faili zote, pamoja na mikono iliyoharibika. Ananiuliza ni nani kati yetu atakaa kufungua faili za wanafunzi mia moja na themanini, nami namwuliza kama yuko tayari kufanya vivyo hivyo kwa insha. Tumekuwa tukibishana hivi kila Ijumaa wakati wa chai, na mwalimu wa hesabu ameanza kuhamia meza nyingine.